Chafya ya Mtoto wa Aron

Kogo Phyllis, nyanya wa Roret, alianza kuwapa watoto majina nywele zake zikiwa bado nyeusi, na hakuna mtoto aliyewahi kumshinda. Kwao mtoto hapewi jina hivi hivi. Nyanya hutaja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, mtoto akinusishwa ugoro kidogo, na jina litakalomkuta akipiga chafya ndilo lake. Maana yake marehemu mwenye jina hilo amerudi. Sasa mwanawe Aron alikuwa amepata mtoto wa kiume huko Amerika, Jumapili abatizwe, na chafya bado. Angebaki na jina la ubatizo tupu, Brandon.

"Brandon," Kogo alisema, kama mtu aliyeuma jiwe ndani ya githeri. "Huyo ni babu ya nani?"

Simu ya kibanda ilikuwa ikikatika kabla salamu haijaisha. Basi akafunga kitambaa chake cha kanisani akaenda Kericho kwa Dorcus, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja mjini, msichana wa kutoka ziwani aliyewahi kupanga chumba kwake. Dorcus alikuwa ameshamwandikia Aron angoje kwenye mtandao, pale watu wanapopiga gumzo kwa maandishi.

Akabonyeza. Kioo cha kompyuta kikasema hairuhusiwi. Mkuu wa chuo, Bwana Mosoti, alikuwa amefunga kurasa zote za gumzo, maana wanafunzi walichumbiana huko badala ya kujifunza kupiga chapa.

"Basi nimekuja bure," Kogo alisema.

"Tulia, Kogo. Kuna kompyuta huko ng'ambo inaitwa wakala. Mosoti haijui, kwa hivyo hajaifunga. Mimi naongea na wakala, wakala anaongea na Aron. Chuo kinaona wakala tu."

Kogo akacheka. "Na hiyo mnasema ni kitu kipya? Nilipoolewa nilikatazwa kutaja jina la baba mkwe, hata kumsemesha nilikuwa naona haya. Nikipika nilikuwa naambia mbuzi: mbuzi, ambia huyo mzee chai iko tayari. Mbuzi hakuwahi kuniangusha."

Wakala akafungua njia. Upande wa pili Aron alikuwa na mtoto mapajani, na pilipili manga badala ya ugoro. Kogo akataja, Dorcus akaandika, Aron akamsomea mtoto. Kipchoge. Kimya. Chepyegon. Kimya. Kipchirchir.

"Amepiga miayo," Aron akaandika.

Majina yakaisha, likabaki lile la baba mkwe. Mzee alikuwa amekufa zamani, lakini mdomo wa Kogo ulikuwa bado umefungwa. Na huko nje viatu vya Mosoti vilishaanza kusikika.

"Andika wewe," Kogo akanong'ona. "Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Si unajua anavyoitwa."

Dorcus akaandika bila kufikiri. Jibu la Aron likaja: "Amepiga chafya! Mara mbili! Lakini mama, Okoth ni nani?"

Kogo akamgeukia Dorcus. "Umeandika nini?"

"Mtoto wa mvua. Kwetu ndiye Okoth."

"Kwetu ni..." Kogo akajishika mdomo.

Mlango ukafunguliwa. "Nani amefungua gumzo?" Mosoti akauliza.

Kogo hakumtazama. "Dorcus, ambia mwalimu mkuu ninaongea na baba mkwe. Ametoka mbali."

Mosoti alikuwa na wakwe pia. Akaangalia kioo, akaangalia kitambaa cha kanisani. "Dorcus," akasema, naye akitazama ukuta, "ambia mama amalize."

Kogo akawaza. Yule mzee alifanya kazi kiwanda cha majani chai pamoja na watu wa ziwani, na alikuwa akila samaki wao kwa siri, ndugu zake, wasiokula samaki, wasimwone. Kama ameitwa kwa lugha yao akaitika, ni yeye.

"Ambia Aron mtoto abatizwe hivyo hivyo."

Picha ya ubatizo ilipofika Roret aliitundika juu ya redio. Wageni walichoka kusikia Okoth huyu, Okoth yule, Okoth ameota jino. Tangu aolewe Kogo hakuwahi kumwita yule mzee kwa jina, na sasa alikuwa akimwita kutwa nzima, hata mbele ya shemeji zake.