Mkuu wa Wilaya Juu ya Paa la Anatoli

Anatoli Ntakirutimana wa Mbuba alifahamiana na Mkuu wa Wilaya kwa kumtukana. Masika ya mwaka sabini na tatu alikuwa anatoka Bugarama, lori lake limejaa maharage, akakuta Landrova imezama kwenye tope katikati ya barabara. Ndani walikaa wanaume wenye mashati safi. Anatoli alifunga kamba, kisha akachungulia dirishani.

"Wewe mnene uliyekaa mbele," alisema, "shuka usukume. Uzito wote ni wewe."

Wale wengine garini waliganda. Yule mnene alivua viatu, akakunja suruali, akashuka. Gari liliponasuka lilimrushia tope mpaka kwenye meno. Hapo ndipo dereva alipomnong'oneza Anatoli kwamba aliyekuwa anasukuma ni Ndugu Malongo, Mkuu mpya wa Wilaya. Anatoli alitamani kukimbia, lakini lori lake lilikuwa bado limefungwa kwenye Landrova.

Malongo alicheka hadi akakaa chini. Alikuwa Msukuma wa Kwimba, mke na watoto wamebaki kwao, na tangu afike Ngara hakuna aliyemwambia neno zaidi ya "Ndiyo, Mzee." Jumapili iliyofuata alikuja Mbuba bila kualikwa, akala ndizi na maharage aliyopika Ildefonsa, mke wa Anatoli. Jumapili nyingine akaja tena.

Urafiki huo ulikuwa na vituko vyake. Anatoli peke yake ndiye aliyekuwa na lori na duka pale, kwa hiyo Malongo aliposimama mkutanoni kuwasema mabepari na mirija yao ya kunyonya wanyonge, watu wote waligeuka kumtazama Anatoli. Naye aliketi mstari wa mbele akipiga makofi. Jioni wawili hao walikula sahani moja.

"Leo umenisema vikali mno," Anatoli alilalamika.

"Nilikuwa na njaa," Malongo alijibu.

Mwaka wa sabini na nne ikaja amri ya watu wote kuhamia vijiji vya ujamaa. Nyumba ya Anatoli, ya tofali na bati, ilikuwa mbali juu ya kilima. Majirani walisema rafiki wa Mkuu hawezi kuhamishwa, na wengi wakaamua kutofunga mizigo mpaka wamwone yeye amefunga. Malongo alipokuja Jumapili hiyo hakukaa.

"Anatoli, utahama wa kwanza."

"Mimi? Mimi niliyekuvuta topeni?"

"Ukibaki wewe, nitamhamisha nani? Nitamtazama nani usoni?"

Anatoli aligeuka kuitazama nyumba yake. Tofali zile alizifyatua na kuzichoma mwenyewe, na maneno yale yalimuuma kuliko alivyotaka kuonyesha. Ildefonsa akajibu kwa niaba yake.

"Kama ni hivyo, shemeji, mabati hayo utakuja kuyatoa kwa mikono yako. Na leo chakula hakuna."

Asubuhi iliyofuata Malongo alifika amevaa kaptura, nyundo ya kuazima mkononi, akapanda juu ya paa huku watu wote wakitazama. Ufundi hakuwa nao. Misumari aliipinda, bati moja likamponyoka likateleza hadi kwenye migomba. Kisha mbao zikalia, na Mkuu wa Wilaya akaingia chumbani kwa Anatoli kwa njia ya juu, akatua kitandani, kitanda kikavunjika. Watu walitazamana, hawajui kama kucheka kunaruhusiwa.

Ildefonsa ndiye aliyeanza. "Karibu ndani, shemeji," alisema akijishika mbavu. "Ngoja nikupikie."

Haikupita wiki, kilima kizima kilikuwa kimehama. Migomba tu ndiyo haikuhamishika. Kwa muda mrefu Anatoli alipanda huko peke yake kuitazama.

Vita ya Kagera ilipoanza, mwishoni mwa sabini na nane, serikali ilikusanya malori. Malongo alikuja akakaa, akakosa pa kuanzia. Anatoli akamsaidia.

"Mafuta nimeshajaza. Ila naendesha mwenyewe. Lori hili lina kiburi, linanisikia mimi tu."

Alibeba askari na unga hadi Kyaka, na mbele zaidi. Huku nyuma Malongo alikuja kila Jumapili kusikiliza redio na Ildefonsa, kila mmoja akimhakikishia mwenzake kwamba hana wasiwasi. Lori lilirudi halina kioo cha mbele. Anatoli alishuka polepole.

"Umekonda," Malongo alimwambia, kisha akageuka akafuta macho kwa kofia.

Baadaye Malongo alihamishwa, mwisho akastaafu, na badala ya kurudi Kwimba akafungua hoteli ya chakula Nyakanazi, pale njia panda wanaposimama wenye malori. Biashara haikumkubali. Madereva walinung'unika kwamba ukiagiza wali unahutubiwa kwanza kuhusu faida za ugali, na hotuba inakuwa kubwa kuliko nyama. Anatoli hakuwahi kupita Nyakanazi bila kusimama, ingawa Ildefonsa alimfungia chakula cha njiani.

"Mchuzi wako maji matupu," alimwambia siku moja.

"Wateja wengine wanausifu."

"Wateja gani?"

Malongo alizitazama meza. Zote zilikuwa tupu isipokuwa hiyo moja.

"Wewe kula," alisema, akavuta kiti, akaketi naye.