Kivuko cha Makaburini

Kwa miaka mingi sikuhudhuria mkutano wa mtaa. Kura nilishapiga zamani, nikaona haikuniletea chochote, nikabaki na cherehani yangu hapa Tunduma.

Kilichonitoa ndani ni msiba. Katika kikundi chetu cha kufa na kuzikana tumo sisi wenyeji, Wanyamwanga wa kanisani, na wamo Waislamu waliokuja kwa biashara za mpakani. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake wakati wa mvua. Tulipofika kwenye kijito cha njia ya makaburini, tukakuta mbao za kuvukia zimesombwa. Wanaume wakaingia majini na jeneza mabegani. Mmoja akateleza, jeneza likainama, mfiwa akapiga ukelele. Hawakuliangusha, tukazika, ila sote tulirudi tumenyong'onyea.

"Jumapili kuna mkutano wa mtaa," akasema dereva mmoja wa malori, mwanakikundi mwenzetu. "Twendeni wote, si mmoja mmoja."

Tukaenda. Mimi ndiye niliyesukumwa kusema. Mwenyekiti wa mtaa akanisikiliza, akajibu, "Mama, hilo lipo kwenye mipango."

Nikataka kukaa. Dereva akasimama. "Shikamoo, mzee. Tunaomba kujua nani atalifuatilia, na tutajibiwa lini."

"Niseme ukweli," mwenyekiti akasema. "Sijalipeleka popote. Watu huuliza mara moja, hawarudi tena."

Nilitegemea kelele. Badala yake watu walicheka, naye akacheka. Tukachagua kamati kwa kunyoosha mikono, nami nikawemo. Tulikwenda ofisi ya kata, tukaambiwa turudi siku nyingine. Tukarudi, mwenyekiti akiwa nasi. Halmashauri ikaleta makalavati ya kupitishia maji ya kijito. Mawe tuliyabeba wenyewe mpaka kivuko kikamalizika, na mfiwa yule alitupikia makande.

Uchaguzi wa mtaa ulipofika, nilipanga foleni mapema, nimevaa kitenge changu cha sikukuu. Mwenyekiti wetu alishindwa. Nilimwonea huruma, nikadhani hatutamwona tena mikutanoni.

Mkutano uliofuata alikuja, akavuta kiti karibu yangu. Mwenyekiti mpya alipouliza kama kuna hoja, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Taka za sokoni," akasema. "Zitaondolewa lini?"

Nami nikaongeza, "Na nani atafuatilia?"