Sisimizi wa Nyuma ya Banda

Nazi nilianza kuziuza kwa baiskeli, kutoka Tongoni mpaka mjini, shule nimeiachia darasa la nne. Leo banda langu halina mwenzake upande huu, na tumbo langu linaingia mlangoni kabla yangu. Nalisema kwa kujivunia, maana kwetu watu wote walikuwa wembamba.

Mwaka ule wa korona nilimzuia mama asitoke chumbani. Umri umekwenda, mwili kama ufito, na kila mtu alisema ugonjwa unawaonea wazee. Mimi nikazunguka minadani mpaka Muheza, mikono ya watu naishika, barakoa iko kidevuni. Mwili wangu ni chuma, nilikuwa nasema.

Nyuma ya banda tuna pembe ya haja ndogo. Nikaona sisimizi wamepanga mstari kuelekea pale pale nilipochutama. Mfuaji wangu wa nazi, anayezitoa makumbi, mtu wa rika langu, akacheka: "Tajiri, hata wadudu wamejua penye riziki!"

Nikataka kujua kwa nini. Nikamwambia achague pembe yake na mimi yangu, tukaweka jiwe katikati. Siku tatu nilikwenda kukagua kama mtu mwenye shamba. Kwake, hata mmoja. Kwangu, harusi.

Nikamhadithia mama nikiwa nje ya dirisha lake, najisifu. Hakucheka.

"Baba yako walimfuata hivyo hivyo," alisema. "Nenda kapime. Unanifungia mimi, kumbe wa kufungiwa wewe."

Nesi wa zahanati, binti mdogo, alinipa shikamoo, akanichoma kidole. Kifaa kikaandika ishirini na mbili.

"Kati ya ngapi?" niliuliza.

"Baba, hapa anayefaulu ni mwenye alama chache."

Akanieleza kwamba sukari ikipanda hivyo, halafu korona ikamwingia mtu, inaweza kumlaza vibaya, hata kumwua. Akataja na presha, moyo, figo, unene.

"Sasa hicho kirusi kinajuaje nani ana sukari?"

"Hakijui. Kinaingia kwa yeyote. Kwa mwenzako kinakuta walinzi macho, kwako kinawakuta wamelala."

"Hata kwa mtu aliyejijenga kama mimi?"

Akalitazama tumbo. "Hasa huyo."

Nikapewa vidonge. Chai nikanywa bila sukari, wali ukapimwa kwa kikombe. Mama akatoa kiti chake, akakiweka mlangoni, na kila nilipovaa viatu aliuliza, "Wapi?" Mnadani akawa anakwenda mfuaji.

Lakini kila asubuhi nilikwenda kwenye pembe yangu kuchungulia. Mstari ukapungua. Siku moja wakabaki watatu, wanazungukazunguka kama wateja waliokuta duka limefungwa. Kesho yake sikuona kitu. Nikachutama pale muda mrefu, nautazama mchanga, halafu nikamwita mfuaji aje naye aone kwamba hakuna cha kuona.