Haki Tisa Kabla ya Uji

Nyumba ile ilikuwa nyuma ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, na kabla ya kuwekwa watu ilikuwa ghala la mahindi. Wanaume tulilala upande mmoja, wanawake upande wa pili, na katikati palikuwa na ukuta wa mbao. Mtu akikohoa huku, kule wanamwambia pole. Nilifika hapo baada ya mama yangu kufariki na mwenye nyumba kutaka chumba chake. Mchana nilibeba viroba vya viazi sokoni. Jioni nilihitaji tu pahali pa kunyoosha mgongo.

Msimamizi wetu alikuwa mwalimu wa kipaimara kabla ya kustaafu, na nadhani hakustaafu kabisa. Alivaa koti la suti hata akienda kukagua choo. Wafadhili wa nyumba walimletea karatasi ngumu iliyofunikwa plastiki, imeandikwa viwango vya nyumba za kuhifadhi watu wasio na makazi, na chini yake haki tisa za mkazi. Ilikuwa karatasi nzuri. Hapo sifanyi kejeli, kwa sababu niliisoma mwenyewe, polepole, nimesimama mbele yake ilipobandikwa ukutani, mswaki mdomoni. Ilisema mkazi ana haki ya chakula. Ana haki ya blanketi lake peke yake. Haki ya nne ilisema hakuna mkazi atakayetolewa bila kuelezwa sababu na bila kusikilizwa. Nilipofika hiyo ya nne nilisimama wima kidogo.

Msimamizi naye aliisoma, akaielewa kwa namna yake. Wafadhili walikuwa wamemwambia kwamba kila mkazi lazima azijue haki zake, na kwamba siku moja watakuja kuuliza. Mtu mwingine angetafuta mablanketi. Yeye alifanya kazi aliyoifanya maisha yake yote: akatupanga mistari, akaanza kutukaririsha.

Ilikuwa kila asubuhi, kabla ya uji. Waliopita kipaimara wanaujua mtindo huo. Mmoja anatangulia kusema, wengine wote wanarudia kwa sauti ya kuvuta, neno kwa neno, na anayeruka neno anaanza upya. Kisha mwalimu anachagua mmoja mmoja. Aliyeshindwa anakaa pembeni mpaka wenzake wamalize kunywa, na uji ukibaki anapewa. Kwa hiyo niliona watu wazima, wenye wajukuu, wananyimwa chakula kwa kosa la kutoweza kutamka kwamba wana haki ya chakula. Msimamizi hakuona cha ajabu hapo. Alikuwa na uso wa mtu aliyeagizwa kazi anayoipenda.

Mimi ndiye niliyefanywa wa kutangulia. Nina haya ya kuongea na watu, lakini kukariri si kuongea. Unaangalia ukuta, maneno yanatoka yenyewe.

Kitanda kilichofuata changu kilikuwa cha mzee mmoja wa milima ya Kilolo, Iringa. Alikuja Mbeya zamani kuchunga ng'ombe wa watu, akachunga mpaka magoti yakakataa, na mwenye ng'ombe akamshukuru na kumwonyesha barabara. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Mengine yote aliyasema kwa Kihehe. Mimi nami ni Mhehe, mzaliwa wa Ilula, kwa hiyo siku ya kwanza nilimsalimia "kamwene", akaitikia, na tangu hapo nikawa mjukuu wake bila kuulizwa.

Haki zile hazikumkaa kichwani. Alifika ya pili, akasimama, akatazama miguu yake. Mkazi mmoja aliyewahi kuwa konda alikuwa na mdomo usiolala, akamtania mbele ya watu.

"Babu, hiyo haki ya chakula kama huitumii nipe mimi. Mimi naijua yote."

Watu walicheka, na Babu akacheka nao. Uji wangu tuligawana nyuma ya mapipa ya maji.

Ukaguzi ulipokaribia, msimamizi aliniita ofisini. Alisema mzee yule anatuangusha. Kama wageni watamkuta bado hajui, itabidi arudishwe kwao Iringa, kwa sababu nyumba haiwezi kuwa na mkazi asiyejua haki zake. Ni kinyume cha viwango. Nikamuuliza, macho yangu yakiwa kwenye viatu vyake, haki ya nne je.

"Ya nne anaijua?"

Nikasema haijui.

"Basi," akasema, akafungua droo yake kutafuta kitu kingine.

Kwao Iringa hapakuwa na mtu. Mke alishakufa, watoto hawakupata, shamba la baba yake lilishagawanywa na watu waliodhani naye amekufa. Kumrudisha kwao ilikuwa namna ya heshima ya kumtupa.

Nilijaribu kumfundisha. Nilimgeuzia zote kwa Kihehe, na kwa Kihehe hakuwa na shida nazo. Hata alibishana. Aliuliza, kama blanketi ni la mtu peke yake, kwa nini yeye na konda wanavutana moja. Nikaenda kumwambia msimamizi kwamba mzee sasa anazijua, ila kwa lugha yake na kwa maneno yake. Alinijibu kwamba Kihehe hakikaguliwi.

Siku yenyewe mablanketi mapya yalitoka kwenye kabati la ofisini, bado yana mikunjo ya kiwandani, yakatandikwa juu ya yale yetu. Sakafu ilipigwa deki mpaka ikateleza. Na kabla wageni hawajashuka kwenye gari, nilimwona msimamizi amemshika Babu kiwiko, taratibu, kama anayempeleka bibi harusi madhabahuni, akamwingiza stoo ya kuni na kurudishia mlango.

Mgeni mkubwa alikuwa mama mmoja mpole, amevaa kofia ya sufu, na vijana wawili wa kumpigia picha. Tulipanga mistari. Nikatangulia, wenzangu wakarudia, haki ya kwanza mpaka ya tisa, na ghala lote likavuma. Wageni walipiga makofi. Mama alisema ametembelea nyumba nyingi lakini hajasikia kitu kama hicho, na hilo naliamini. Kisha akaomba asikie ya nne tena, ndiyo anayoipenda. Msimamizi akaninyooshea kidole.

Niliisema. Wenzangu wakarudia. Hapo ilikuwa ninyamaze. Lakini nilikuwa bado nimeangalia ukuta, na maneno yalitoka kwa sauti ileile ya kuvuta, maana sauti nyingine sikuwa nayo.

"Na Babu yuko stoo ya kuni."

"Na Babu yuko stoo ya kuni," wakarudia wote, wanaume kwa wanawake, neno kwa neno, kama walivyofundishwa.

Mama akauliza hiyo ni ya ngapi.

Konda alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama akaenda mwenyewe mpaka stoo, akavuta mlango, akamkuta Babu amekaa juu ya gogo. Babu alimsalimia vizuri tu. Alidhani amekuja kuchukua kuni.

Wageni walijifungia ofisini na msimamizi. Chai iliingia, maandazi yakaingia, sauti ya mama ikapanda na kushuka. Mimi nilijua leo kuna mtu atafukuzwa, na safari hii si mmoja wetu. Walipotoka, walikuwa wameongeza haki ya kumi: mkazi hatafichwa wakati wa ukaguzi. Msimamizi aliipokea kwa moyo mkunjufu. Alituomba tuirudie palepale, mara mbili, ili isisahaulike.

Kisha Babu akasikilizwa, kwa mujibu wa ile ya nne. Liliwekwa benchi uani, mimi nikawa mkalimani. Msimamizi alisema hana kinyongo na mzee. Anaweza kubaki na kitanda chake, mradi ajifunze kama wenzake, na atavumiliwa mpaka ukaguzi ujao. Mama wa kofia ya sufu alitikisa kichwa kukubali. Kwake hiyo ilikuwa haki imetendeka, na maandazi yalikuwa mazuri.

Babu akaongea kwa muda mrefu. Aliniambia mambo ambayo hajawahi kuniambia. Alipokuwa kijana alikaa darasa la kipaimara, na maneno yalikuwa hayakai. Akasimamishwa mbele ya usharika, akashindwa. Mwaka uliofuata akawekwa na watoto wadogo, akashindwa tena, akaacha kwenda. Kwa hiyo hakubarikiwa, na ndoa yake haikufungwa kanisani, na mke wake aliingia kaburini na aibu hiyo. Yote hayo nilimweleza mama kwa kifupi, kisha nikamwambia neno la mwisho kama alivyolisema.

"Anasema alishafelishwa na watu wa Mungu. Hatafelishwa tena na watu wa blanketi. Anaondoka."

Mama aliinamisha macho. Msimamizi akasema mzee amechagua mwenyewe, na kuchagua nako ni haki, ya saba. Nauli ilipatikana saa hiyohiyo. Nyumba iliyokosa sukari ya uji mwezi mzima haikukosa tiketi.

Sikuweza kubaki kutangulia haki kumi, nikaondoka naye. Mama yangu mdogo, anayeuza nyanya Ilula, alinielekeza kwa simu kwa mjane mmoja wa Ipogolo, mjini Iringa, ambaye yeye na wanawake wa kanisani kwake wanatunza wazee kwenye vyumba vya uani. Konda alitubebea mzigo mpaka stendi na hakutania hata kidogo.

Nilimuuliza yule mjane sheria za nyumba yake.

"Sheria gani, mwanangu? Ugali mchana, na asinilewee mtu."

Babu alifurahi. Mimi pia, kwa siku chache. Kisha viatu vya Babu vikachukuliwa chumbani, hatukujua na nani. Mlango wake ulizuiwa kwa jiwe tu, na mjane aliingia alipotaka, na fagio au bila fagio, mara nyingine na wageni wa kanisani waliokuja kumwona mzee. Siku moja walimkuta anajipaka mafuta, wakaimba pambio mpaka mwisho yeye akiwa amejishikia shuka. Wema usio na karatasi una dharau yake pia.

Nilikwenda jikoni nikamwambia mjane kwamba kwenye viwango vya ile karatasi ya Mbeya mkazi hupigiwa hodi, na mlango wake hufungwa kwa ndani.

"Mimi nipige hodi kwenye nyumba yangu?"

Nikasema ndiyo, mama. Alinitazama mpaka nikatazama masufuria. Wiki iliyofuata alileta fundi, akasimama mlangoni akilalamika kuhusu vijana wa siku hizi, na komeo likapigwa.

Jioni nilimpelekea Babu chai. Nilisukuma mlango kama nilivyozoea, ukagoma.

"Nani?"

Nikasema ni mimi, mjukuu.

Nilisikia kitanda kikilia.

"Subiri," akasema.

Nikasubiri.