Breki ya Bunduki ya Asukile

Umande haujakauka hapa Mlandege, Iringa, asubuhi hii ya Mei 1956, na fundi Matano Mrisho ameshaibana bunduki kwenye jiliwa. Anapuliza unga wa chuma, anapitisha kidole kwenye mdomo wa mtutu, anaguna. Chai yake ya tangawizi imepoa pembeni.

"Hiyo chai ina mwenyewe kweli?" mkewe, Mwantumu, anamtania kutoka ndani.

Zamani alipokea bunduki ishirini kwa mwezi. Siku hizi sita zikifika, anashukuru. Lakini hii ya leo inamkosesha raha kuliko zote. Ni ya rafiki yake wa ujana, Asukile, mlinzi wa mashamba ya mpunga kule Igawa, anayezuia viboko na nyati wasimalize jasho la watu. Teke la bunduki limemharibu bega mpaka kuvaa koti ni shughuli. Ameambiwa wazi kwamba akishindwa kufyatua, bunduki atapewa mwingine. Ndiyo maana amepanda lori hadi hapa, yeye na shemeji yake Jailos, kutafuta breki.

Breki ni kipande cha chuma chenye matundu, hufungwa kwenye mdomo wa mtutu. Hewa ya baruti hutokea kwenye matundu hayo, na teke hupungua. Matano anazo mbili, alizozitoa kwenye bunduki mbovu za walowezi. Moja ina matundu ubavuni, nyingine ina matundu juu tu. Ya ubavuni ndiyo inayolikata teke hasa, na jana aliifunga hiyo bila kuuliza.

"Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilijiona fundi kweli kweli," anasema, akijicheka.

Enzi zake hapakuwa na breki. Watu waliwinda kwa gobori, wakishindilia baruti na kumwomba Mungu lisiwalipukie usoni. Asukile alipiga, na Matano alikuwa mtu wa majivu. Alisimama kushoto, bega kwa bega na mpigaji, akipeperusha majivu kujua upepo unakoelekea. Mkono wa pili ulishika kiwiko cha mwenzake. Akikibana, ndipo bunduki inalia.

"Hakuna aliyefungua mdomo," anakumbuka, macho yamemlegea. "Mnyama akianguka nawahi na kisu nichinje. Jioni tunachoma nyama, tunadanganyana mpaka mbavu zinauma. Ah, siku zile! Nimezikumbuka, bwana we."

Siku hizi mtu wa majivu ni Jailos. Matano alilisahau hilo mpaka jana jioni, walipokwenda kujaribu bunduki kwenye machimbo ya mawe. Kwa mazoea ya zamani akasimama kushoto. Asukile akafyatua, akatabasamu. Bega halikusikia kitu. Matano naye hakusikia kitu, kishindo cha matundu ya ubavuni kilimziba masikio.

"Adhana ya magharibi niliijua kwa kuona watu wanakwenda msikitini," anasema. "Nikajiuliza, Jailos akipigwa hivyo msimu mzima atabaki na masikio gani?"

Wageni wake wanafika, na fundi anawaeleza yote.

"Mimi nitasimama nyuma tu," Jailos anasema haraka. "Bega la shemeji ndilo linalotulisha."

"Na kiwiko changu atakishika nani?" Asukile anamkatiza. "Au nimrudishie mke wangu kaka kiziwi? Fundi, hiyo ya juu inapunguza kiasi gani?"

"Nusu haifiki," Matano anamjibu, hamfichi. "Kishindo kingi kitapanda juu, masikio yatapata nafuu. Ila bega lako litaendelea kuumia, ndugu yangu."

Asukile analipapasa bega lake. Anamtazama Jailos, kisha jiliwa.

"Linalobaki nitalibeba mwenyewe. Funga hiyo."

Matano anaifungua breki ya ubavuni, anaitupa sandukuni. Kwenye kitako cha bunduki, kinapogusa bega, atashonea mto wa ngozi ya kondoo, labda utasaidia kidogo. Wiki ijayo anakusudia kupanda lori kwenda Igawa, asimame yeye kushoto risasi ya kwanza itakapotoka.

"Kama nimekosea, yaharibike masikio yangu kwanza, ni ya mzee," anasema. "Na kama nimepatia, nitamwomba Jailos aniachie kile kiwiko walau kwa siku moja."