Pwapwa na Mwanawe Mtawa

Juzi niliingia duka la Waburma pale Grant Street kutafuta sombe ya barafu, yaani kisamvu, na kabla sijafika kwenye friza pua yangu ikakutana na tanaka. Nikasimama. Tanaka ni gome la mti wa kwao. Hulisugua juu ya jiwe lenye maji, wakapata uji wa manjano wa kujipaka mashavuni. Harufu yake ni ya ubao mbichi na udongo ulioonja mvua. Mwenye duka aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka mtu tu.

Mtu mwenyewe ni Pwapwa. Hilo si jina, ni "bibi" kwa Kiburma, lakini sisi watoto hatukumjulia jina jingine. Aliishi ghorofa ya chini ya nyumba yetu, Lower West Side, pamoja na binti yake na mjukuu wake Su, rafiki yangu. Nilikuwa na miaka kumi, na hatukuwa na muda mrefu Buffalo tangu tutoke kambi ya wakimbizi. Mama akienda kazini bohari, na baba hajarudi kutoka kiwandani, Pwapwa ndiye aliyetulisha na kutusuka. Siku ya kwanza mama kunikuta na mashavu ya manjano alipiga ukelele uliowatoa majirani nje. Alidhani nimepakwa dawa ya waganga. Alinisugua kwa sabuni mpaka nikalia. Haikupita miezi mingi, yeye mwenyewe akawa anashuka jikoni kwa Pwapwa, wanamenya vitunguu pamoja, mmoja akiongea Kiswahili cha Kivu na mwingine Kiburma, na wanacheka kwa wakati mmoja. Mpaka leo sijui walikuwa wanacheka nini.

Pwapwa alikuwa na mtoto wa kiume tuliyemjua kwa picha tu: mvulana aliyenyolewa kichwa, kajifunga shuka la rangi ya damu ya mzee. Alikuwa amempeleka kwa watawa akiwa mdogo, akae nao msimu mmoja, kama ilivyo desturi ya Wabudha wa kwao. Vita vikaingia kijijini. Pwapwa akakimbilia mpakani na binti yake, mvulana akabaki na watawa wake, na utawa wa msimu ukageuka wa maisha. Miaka yote ile alimsikia kwenye simu tu.

Basi, miaka ile ya 2015, 2016 hivi, majani yakiwa yanapukutika, habari zikaja kwamba yule mtawa yuko Marekani. Wakubwa wake walikuwa wamemleta kuzuru monasteri zao, na Jumapili angekuwa Louisville. Jioni ya siku hiyo hiyo angepanda ndege kurudi kwao.

Pwapwa alitaka jambo moja: kumlisha kwa mkono wake. Hapo ndipo penye shida, maana watawa wao hawali chakula baada ya saa sita mchana. Akichelewa angemwona, lakini asingemlisha. Na mama akimwona mwanawe bila kumlisha, Su alitufasiria, amemwona nusu. Juu ya hayo, Pwapwa alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda kama mwenye kuhiji. Angesujudu kwanza kwa watawa wa Buffalo, kisha wa Columbus, ndipo Louisville.

Binti yake alinyimwa ruhusa kazini. Mwenye gari kubwa alikuwa baba yangu, na gari lenyewe ndilo lililowabeba waumini kwenda kanisani kwetu, ambako baba alikuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa mezani mama alipomwomba. Baba alisukuma sahani.

"Miye muzee wa kanisa. Bon, siku ya dimanche batu bananitafuta kwa kanisa, kumbe niko kwa masanamu?"

"Sikusema uabudu," mama akajibu. "Nilisema uendeshe motokari."

"Na familia yangu itasema nini?"

"Fimbo ya mbali haiuwe nyoka. Mutoto akipata homa, familia yako iko wapi? Ni huyu mama njo alimubeba."

Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Nikainamisha kichwa nikala haraka, nisije nikaulizwa.

Tuliondoka Jumamosi: baba, mama, mimi, Pwapwa na Su. Pwapwa alisujudu katika nyumba ya watawa ya Buffalo, ambayo kwa nje ni nyumba kama nyumba yoyote ya mtaa wetu, isipokuwa viatu vilivyojaa kwenye ngazi. Baba alikaa garini, mikono kwenye usukani, akitazama mbele kama anayewangoja wezi nje ya benki. Jioni tulifika Columbus, mtaa wa Northland, kwa mdogo wake baba. Baba mdogo alikuwa shemasi, na alikuwa amekwisha kusikia tunakokwenda. Alimkaribisha Pwapwa vizuri, akampa maziwa, kisha akamgeukia kaka yake, ambaye kwetu huitwa yaya.

"Yaya, donc kesho batu bataimba kwa kanisa, na weye uko unapeleka bapagani? Batoto bako banajifunza nini?"

Baba mdogo akaiombea safari yetu sala ndefu, kwa maneno ambayo hata leo sijui kama yalikuwa baraka au pingamizi.

Asubuhi Pwapwa aliteka jiko la watu. Alipika mchuzi wa samaki na tambi ambao nadhani mapazia ya nyumba ile yananuka mpaka leo, akalifunga sufuria kwa blanketi kama mtoto mchanga. Tukapita kwa watawa wa Columbus. Alisema ataingia na kutoka, lakini wanaohiji hawana saa. Mama akawa anatazama mlango, baba anatazama saa, nami ninawatazama wao. Alipotoka, baba alikanyaga mafuta kabla Su hajafunga mkanda.

Njiani Su alitupa masharti. Viatu vinaachwa nje. Usimwelekezee mtawa nyayo. Na mwanamke hamgusi mtawa, hata nguo yake.

Nikamfasiria mama. Mama akauliza, "Hata mama yake?"

"Even Pwapwa," Su alisema.

Ni lazima niwaambie sisi watu wa milimani Kivu tunavyosalimiana, la sivyo hamtaelewa. Kwetu hatupungiani mikono. Mtu akitoka mbali unamkumbatia, unamshika mabega, unampapasa mgongo, unauliza habari huku bado umemshika, mpaka mwili wako uamini kwamba amefika. Kumwacha msafiri amesimama bila kuguswa ni kumwambia arudi alikotoka.

Tulipoiacha Cincinnati nyuma, magari yakasimama. Mbele, taa nyekundu zilijipanga mpaka juu ya kilima. Kulikuwa na ajali. Tulisogea hatua, tukasimama. Tukasogea, tukasimama. Saa ya gari ikawa ndiyo kitu pekee kinachokwenda. Pwapwa alikuwa amelipakata lile sufuria, na shanga zake za sala zilipita vidoleni, lakini nilikaa karibu naye na niliona goti lake linatetemeka. Niliogopa. Sikuwahi kumwona mtu mzima akitetemeka kwa ajili ya chakula cha mchana.

Ndipo baba, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu Columbus, aliinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani akaanza kuomba kwa sauti, kama afanyavyo kwenye mkesha. "Baba Mungu! Weye ulipasua bahari! Fungua hii njia sasa hivi, huyu mama afike, mutoto wake akule! Kwa jina la Yesu!"

"Amen!" Su akaitikia, kwa nguvu kuliko sisi sote.

Siwezi kuapa ni sala ipi iliyofika, ya shanga au ya usukani. Ninachojua ni kwamba askari alifungua upande wa kushoto, tukapita, na baba akaendesha kwa mwendo ambao kanisani tusingeusimulia.

Tuliingia Louisville ikikaribia saa sita. Monasteri ilikuwa nyumba pana yenye bendera za rangi uani. Pwapwa alishuka akakimbia na sufuria, mzee yule, kandambili zikaruka huku na huku. Baba alisema hataingia. Mama na mimi tukavua viatu tukamfuata Su.

Ndani kulikuwa na zulia, sanamu ya dhahabu, na watawa wamekaa kwenye jukwaa la chini. Yule wa tatu alikuwa na masikio ya Pwapwa. Ningemtambua popote. Mwili ulikuwa wa mwanamume mzima, uso hauonyeshi kitu, macho yametua sakafuni.

Kwao chakula hakiwekwi tu mbele ya mtawa. Sahani hupangwa juu ya meza ndogo ya duara, wenye kutoa wanaiinua, na mtawa anaigusa ukingo kupokea. Pwapwa na Su wakainua. Kijana akanyoosha mikono. Kwa kitambo kidogo mama na mwana walishika ubao mmoja, vidole vyao vimeachana kama shubiri, na mchuzi ukawa unatikisika bakulini. Kisha meza ikatua, akala. Saa sita haikuwa imegonga. Pwapwa alitazama kila kijiko kikipanda na kushuka.

Kijana alipomaliza, Pwapwa alipiga magoti akasujudu mbele ya mwanawe, paji la uso mpaka kwenye zulia. Akainuka, akasujudu tena, na tena. Mama alinishika bega akaniumiza. "Mungu wangu," alinong'ona, "muzazi anapigia mutoto magoti!" Kwetu jambo hilo ni laana, halitajwi hata kwa mzaha.

Watawa wakaimba baraka. Kisha wakasimama kuondoka, maana gari la uwanja wa ndege lilikuwa linangoja, na njia yao ilipita mbele yetu. Yule kijana alifika usawa wa mama yangu. Mama akafungua mikono akamkumbatia.

Chumba kizima kilivuta pumzi. "Auntie, no!" Su akapiga kelele. Mama hakusikia. Alimshika mabega, akampapasa mgongo, akapitisha kiganja kwenye kile kichwa kilichonyolewa, huku anasema, "Karibu, mutoto yangu. Karibu. Umekomaa." Mtawa alisimama kama mti, mikono imeshuka, macho yamefumbwa. Mlangoni niliona soksi za baba, alikuwa ameingia.

Nilitaka zulia linimeze. Niliwaza kwamba basi, tumeiharibu hija yote, Pwapwa hatatufungulia mlango tena. Mama alipomwachia, mtawa mkuu, mzee sana, alisema maneno machache. Su akafasiri huku analia: si kosa la kijana, hakuomba kuguswa, na mama huyu ni mgeni, asamehewe. Wakatoka. Kijana hakugeuka nyuma.

Garini Pwapwa alikwenda kuketi pembeni mwa mama. Kisha akaichukua mikono ya mama, akaipeleka puani, akavuta pumzi ndefu, macho amefunga. Mkono wa kulia, halafu wa kushoto, halafu tena wa kulia. Nilidhani ananusa kama ni michafu. Nilidhani ndivyo kwao wanavyomgombeza mtu.

Baba alisimamishwa uzee wa kanisa kwa muda, na hakulalamika. Mama nimemuuliza mara nyingi kama siku ile alisahau masharti. Jibu lake ni lile lile: "Miye nilikumbuka. Mikono njo ilisahau."

Pwapwa ametutoka sasa, na hakumwona mwanawe tena. Mwaka jana nilikwenda kumpongeza Su kwa kujifungua. Nilimkuta ameweka pua kwenye shavu la mtoto, anavuta pumzi, anafumba macho. Nikamuuliza anafanya nini. Akanishangaa. "Nambusu," akasema. "Sisi ndivyo tunavyobusu."

Nililia pale pale, nikamwamsha mtoto. Nilikumbuka kitu ambacho utotoni sikukipa maana: toka Louisville mpaka Columbus mama hakugusa mkate wala chupa ya maji, ingawa alikuwa na njaa. Aliiacha mikono ile iliyompapasa mtawa mapajani mwa Pwapwa, viganja vikitazama juu, na kila mara Pwapwa alipoihitaji aliikuta pale.