Mkanda wa Kunolea Wembe wa Baba Sabina

Ipo siku moja ambayo bado naikumbuka, mwanangu, hata nikiwa nachambua dagaa. Ni siku niliyokwenda Igoma kununua mkanda wa ngozi wa kunolea wembe. Usicheke. Nilikuwa mke kijana, na mume wangu alikuwa ananiponyoka.

Mtoto wetu wa kwanza, Sabina, alikuwa amefariki kwa homa kabla hajaanza kutembea. Kwetu, msiba ukifika mwisho wafiwa hunyolewa, ndipo maisha yaendelee. Mimi nikanyolewa. Mume wangu siku hiyo alipanda mtumbwi akaenda zake visiwani kuvua. Aliporudi nyumbani Pasiansi ndevu zilikuwa zimemfunika mdomo, na aliniambia jambo moja tu: nisimwite tena Baba Sabina. Jamani! Nilikuwa sijui kumwita vingine. Basi nikawa simwiti chochote. Namwekea ugali, anakula, analala. Mashemeji walimbembeleza, katekista akaja, kinyozi wa mtaani akaitwa, wote aliwakatalia.

Mama mkwe, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno laini. Alinikuta nalia jikoni.

"Unamsubiri nani amnyoe?" akanifokea. "Wewe ndiye mama wa mtoto. Acha kutuma watu."

Akanitolea wembe wa kukunja wa marehemu baba mkwe. Ulikuwa butu, na mkanda wake wa kunolea ulishaliwa na panya. Ndiyo nikaenda Igoma, kwa mzee mmoja aliyekuwa akishona viatu na mikanda kwa mkono.

"Shikamoo baba. Natafuta mkanda wa kunolea wembe."

"Marahaba mwanangu. Kwani mumeo anakwenda harusini?"

"Hapana baba. Ameshindwa kutoka msibani."

Aliacha utani. Akanipa vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe nichague. Nikavipapasa, nikasema naona vyote ni sawa tu.

"Mikono yako ina sugu za jembe, haitakwambia kitu," akasema. "Fumba macho, viweke shavuni."

Kimoja kilikwaruza kidogo. Kingine kilikuwa laini, nami palepale mbele ya mtu nisiyemjua nikaangua kilio, maana shavu langu lilikuwa halijaguswa na chochote tangu tumzike mwanangu. Yule mzee alikikata kile laini, akakishonea kitanzi cha kutundikia, akanionyesha namna ya kuvuta wembe juu yake: mgongo utangulie, makali yafuate, na usikandamize.

Jioni nikautundika mkanda mlangoni, nikaanza kunoa. Mume wangu alikaa kwenye kigoda akisikiliza. Sikumbembeleza. Nilileta beseni la maji moto na sabuni, nikamshika kidevu. Weee, nilidhani atanisukuma! Akainua shingo. Nikanyoa polepole, shavu hili, kisha lile, machozi yake yakichanganyika na povu. Nilipomaliza kidevu akakipapasa, halafu akanishika mkono.

"Alikuwa na kidevu changu," akasema. "Sabina."

Nikaweka wembe chini. Tulilia wote wawili, na ilikuwa mara ya kwanza kulia pamoja.

Tangu hapo nilimnyoa mimi kila Jumapili kabla ya misa, mpaka tukazeeka. Sasa naye ameshatangulia. Watoto wananiletea vitenge na maziwa, nawashukuru sana, lakini ninachotamani ni uso ule mikononi mwangu, umelowa, naye akinitania nisimkate sikio. Natamani mpaka nakosa hamu ya kula. Huko madukani naona nyembe za plastiki za kutumia na kutupa, mtu ananyoa peke yake chooni akiwa na haraka. Haya, ndiyo dunia ya sasa, sigombani nayo.

Ila nakuusia, mwanangu: mtu wako akivunjika moyo, usimtumie wajumbe. Nenda mwenyewe. Mkaribie taratibu, mshike, umwache aseme akiwa tayari. Na usiahirishe kumgusa unayempenda kwa kuwa eti mnaonana kila siku. Mimi pia nilikuwa namwona kila siku.

Mungu akutunzie nyumba yako, mwanangu. Akupe mtu wa kulia naye na kucheka naye, na akuchelewesheeni sana siku ya kuachana.